Usiitike Kwenye Wimbo wa Nne

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitasimama kukungoja. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba chai na sina homa. Sikusimuliwa na binamu wa rafiki ya mtu. Sauti yangu mpaka leo imekwaruzika, na yeyote aliyenijua zamani atakwambia sikuzaliwa nayo hivi.

Mimi ni kifungua mimba wa watoto watano, kwetu Wundanyi, huko juu Taita ambako ukungu hushuka asubuhi ukameza hata ng'ombe zizini. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane kwa sababu wadogo hawali madaftari. Tangu hapo mimi ndiye wa kuitwa. Karo, dawa, paa linavuja, jirani kasogeza mpaka wa shamba: simu inalia, naitwa. Silalamiki. Nakueleza tu ili ujue kitu kile kilipitia mlango gani kunifikia.

Mama alikuwa na jina lake la kuniita. Nimerithi jina la babu, baba yake mzazi, kwa hiyo hakuniita mwanangu. Aliniita Baba. "Baba, njoo ule." "Baba, kalale." Alipozikwa, jina likazikwa naye. Halafu nikaja Saudia kuwa dereva wa nyumba moja mtaa wa Suwaidi, Riyadh, na neno la kwanza nililofundishwa ni hilohilo. Mzee mwenye nyumba, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuingia nchini, wafanyakazi wote tunamwita baba. "Gari tayari, baba." Lishike neno hilo, litarudi.

Binti yake, Madam Huda, ni daktari wa meno. Alisomea Uswidi, akarudi na shahada, koti la baridi asilolihitaji, na sanduku la CD. Siku alipoweka ya kwanza garini nilidhani injini imepasuka. Ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa, magitaa yanavuma, na katikati yumo mtu anapiga ukelele kama anayechunwa ngozi.

"Madam," nikasema, "hizi ni nyimbo za shetani."

"Umewahi kumsikia shetani akifanya mazoezi hivi?" akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Shetani ni mvivu. Endesha."

"Kanisani kwetu wangelichoma gari hili."

"Basi shukuru uko kwetu. Yalla, taa ya kijani hiyo."

Ulimi wake ni kama ile mashine yake ya kutobolea meno. Sikumpenda, na hakuwahi kuomba apendwe. Lakini foleni za Riyadh ni ndefu, na yule mwanamke hawezi kunyamazia kitu anachokijua. Aliniambia muziki huo unaitwa black metal. Wanorwe, alisema, ndio waliovuma kwa kuwasha moto, lakini Waswidi ndio waliojua kuficha wimbo ndani ya moto.

"Usimsikilize anayelia. Sikiliza chini yake."

Nikasikiliza chini yake, kwa shari tu, nipate la kumbishia. Na chini, haki ya Mungu, kulikuwa na wimbo. Magitaa mawili, moja likipanda na jingine likishuka, taratibu, kwa huzuni, kama watu waliochoka wanaoimba matangani alfajiri. Na juu yao ngoma zinamiminika kama mvua ya mawe kwenye mabati. Juu mbio, chini upole. Ukishausikia ule wa chini, huwezi tena kuuita muziki ule kelele, hata ukitaka.

Kati ya zote kulikuwa na albamu moja niliyoanza kuiweka mwenyewe nikiwa peke yangu garini. Jalada lake ni picha mbovu ya misonobari chini ya theluji, nyeusi na nyeupe. Mara ya kwanza nilidhani ni msitu wa kwetu umejaa ukungu. Waliirekodi kwa vifaa duni, kwa hiyo toka mwanzo mpaka mwisho kuna mchakacho, kama mchanga unaomwagika nyuma ya ukuta. Baadaye ilitolewa upya, imesafishwa. Madam hataki kuisikia hiyo. "Wameisafisha mpaka wameng'oa mzizi," alisema. "Huo mchakacho ndio baridi yenyewe." Alikuwa na sharti moja: albamu inasikilizwa nzima, kwa mpangilio, hakuna kuruka. Hasa wimbo wa nne. Wimbo wa nne hauna ngoma wala ukelele, ni gitaa peke yake na ule mchakacho, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba inayoungua akasimama kuvuta pumzi. "Anayeruka wa nne," alisema, "akasikilize matangazo ya sabuni."

Nikamuuliza yule Mswidi analia nini. Akanitafsiria: theluji, msitu, makaburi yasiyo na majina. Basi. Hamwiti mtu, hamwombi mtu. Unaelewa? Ilikuwa sauti pekee maishani mwangu isiyoniomba kitu.

Sasa sikia. Dada yangu Mghoi, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah. Mkataba wake ulipoisha, bosi wake alimshusha mtaa wa Kandara, kwenye chumba cha kupanga, na begi lake, akamwachia tiketi na karatasi ya kutoka nchini, akaenda zake. Ndege ilikuwa ya usiku, na karatasi ile ilikuwa inakwisha siku hiyohiyo. Akiachwa na ndege, kesho yake ni mhalifu. Na homa ilikuwa imemwangusha, hawezi kubeba hata mkoba.

"Kaka," alisema kwenye simu, "usipokuja mimi siondoki hapa."

Madam alinirushia funguo. "Likikwaruzwa, nitakung'oa meno yote bila ganzi."

Niliondoka Riyadh alfajiri. Baada ya adhuhuri, kabla ya kufika Taif, kwenye ile tambarare ambayo hata jiwe halina kivuli, niliona ukuta wa vumbi unakuja. Dereva wa Saudia anajua la kufanya: toka barabarani, simama, washa taa za tahadhari, ngoja. Vumbi likapita juu yangu. Mchana ukawa mwekundu, kisha kahawia, kisha mweusi kabisa. Albamu ya misonobari ilikuwa inaimba, wimbo wa kwanza.

Dirisha likagongwa.

"Ndugu yangu, fungua! Huku nje mtu anakufa!"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha nyumbani, si cha kujifunzia kazini. Wewe ungemwacha? Usinidanganye. Sisi huku tukisikia Kiswahili tunafungua hata kabla ya kutazama. Nikafungua.

Akaingia nyuma. Hapo ningepaswa kushtuka: Mkenya gani anapanda gari la mwenzake akakaa nyuma kama bosi? Alivaa ovaroli ya buluu ya kibarua. Mimi mlango ulipofunguka tu kinywa kilijaa mchanga. Yeye hakuwa na punje hata moja, ovaroli imenyooka kama imetoka kupigwa pasi.

"Punguza hiyo kelele, tuongee kama watu."

Nikapunguza. Ni adabu, mgeni kaomba.

"Unaenda Jeddah," alisema.

"Naenda."

"Usijisumbue. Mghoi ameshapona."

Sikuwa nimemtajia Mghoi. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ananihurumia, na niamini, sijawahi kuona huruma mbaya kama ile.

"Umewabeba sana, wewe. Shuka unyooshe miguu. Nje kumetulia."

Nje sikuweza kuona hata boneti. Kisha akafunga mdomo, na mdomo wake ukiwa umefungwa hivyo, sauti ikatoka.

"Baba."

Alikuwa mama. Si mtu anayemwigiza mama. Mama, na kile kikohozi chake mwishoni mwa neno.

"Baba, njoo unifungulie. Huku baridi."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Ulimi ulikuwa umeinuka kusema "naam." Tangu utotoni tulionywa kwamba wito usiomwona mwenyewe hauitikiwi, kwa sababu aliyeitika amekubali. Nilijua hivyo. Na bado ningeitika, sitajifanya shujaa hapa, kama isingeongeza neno.

"Baba, zima hiyo kwanza."

Mama aliniita kula, kuoga, kulala. Alipokuwa kitandani mwisho wake hakuniomba hata maji, alikuwa anatazama nilivyochoka ananyamaza. Mimi nimeombwa tangu sijaota ndevu. Naijua sauti ya mwombaji hata ikivaa nguo za nani, na ile ilikuwa inaomba.

Nikaizungusha sauti ya redio mpaka mwisho.

Wimbo wa pili ukalipuka. Vioo vikatetemeka. Yule mtu akainuka, akapenyeza uso katikati ya viti viwili, karibu na shavu langu, na akaanza kuita kwa nguvu. Nilikuwa namwona tu, simsikii. Midomo inagongana: ba-ba, ba-ba. Na ndani ya midomo hakukuwa na meno wala ulimi. Kulikuwa na vumbi, linazunguka, rangi ileile ya nje. Akanyoosha mkono akavifunika vitufe vya redio. Hakuzima. Nadhani hawawezi. Kufungua ufungue mwenyewe, kuzima uzime mwenyewe, kuitika uitike mwenyewe. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayeijua ile albamu, na wimbo wa tatu ulipoanza kulegea ndipo nikaelewa anangoja nini.

Wa nne. Gitaa peke yake.

Kuruka siwezi, vitufe viko chini ya ule mkono, na kuugusa ule mkono singethubutu. Ngoma zikakata. Ukelele ukakata. Gitaa likaanza, taratibu, zuri kama siku zote, na chini ya ule mchakacho mama yangu akapanda kama maji.

"Baba. Baba wee. Itika basi, mara moja tu."

Siku tuliyomzika mama sikulia. Nilikuwa nimeshika mikono ya wadogo, kulia kwangu kungewaangusha. Sikulia baadaye pia, kwani nani angenipa nafasi? Basi kilichonitoka mle garini sijui nikiite nini. Nilifumba macho, nikafungua mdomo, nikapiga ukelele. Bila neno, bila jina, bila kumwita mtu. Kama yule Mswidi. Pumzi ikiisha navuta mchanga na kuanza tena. Nilihisi kitu kooni kinachanika kama kitambaa, nikaendelea. Sikunyamaza hata mara moja ule wimbo wote, mpaka ngoma za wimbo wa tano zikanishukia kichwani na yule Mswidi akaupokea ukelele kutoka kinywani mwangu.

Nilipofumbua macho kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mlango haukuwa umefunguliwa. Nje weusi ulikuwa unageuka njano.

Niliendesha bila kusimama. Taif nikaiteremka, nikachukua njia ya kuzunguka Makka ambayo sisi Wakristo huelekezwa, giza likanikuta naingia Kandara. Nikapanda ngazi, nikagonga.

"Mghoi, fungua. Ni mimi."

Dada yangu mwenyewe akasema nyuma ya mlango, "Wewe si kaka yangu. Hiyo si sauti yake."

"Ndege itakuacha. Fungua."

"Kama ni wewe, sema mama alikuwa akikuitaje."

Unaona mambo? Nilisimama pale na lile neno mdomoni. Nikalisema. Komeo likatoka. Nilimbeba mgongoni mpaka garini, akalala njia nzima, na usiku ule akaondoka. Leo yuko nyumbani, mzima, na anaendelea kuniomba karo ya mwanawe. Mola ashukuriwe.

Lakini haikuishia hapo. Riyadh, wiki iliyofuata, Madam aliichukua ile CD ndani akaiweka kwenye spika kubwa za sebuleni. Nilikuwa mlangoni nasubiri kumrudisha kliniki. Wimbo wa nne ukaanza. Nikamwona anakunja uso.

"Nani huyu mwanamke?"

"Mwanamke gani, madam?"

"Huyu hapa, chini ya gitaa. Hakuwepo. Kwa nini anamwita baba yangu?"

Kabla sijasema lolote, mzee wa watu, aliyekuwa amekaa na tasbihi yake, akainua kichwa.

"Naam?" akasema.

Akainuka, akaenda, akafungua mlango wa mbele. Hakukuwa na mtu. Akasimama pale akitabasamu kama anayepokea wageni, jua lote la Riyadh likiingia ndani.

Mpaka leo ndivyo alivyo. Halali bila mlango kuwa wazi. Upepo ukigonga lango anasema "naam," anatoka, na mimi ndiye ninayetumwa kumrudisha kutoka barabarani, kila mara mbali kidogo kuliko jana. Daktari anasema ni uzee. Madam hasemi kitu. CD ameifungia ndani ya sanduku, na wala haniambii tena endesha. Anakaa nyuma, na mimi namtazama kwenye kioo kila dakika nihakikishe ni yeye.

Sikukatazi kusikiliza. Tafuta albamu za Waswidi, za zamani, zenye mchakacho, uzisikilize nzima, na sikiliza chini. Hakuna muziki unaokuacha ulivyo kama ule. Lakini gitaa likibaki peke yake, ukasikia unaitwa kwa jina ambalo mwenyewe amezikwa nalo, usifungue, usizime, usiseme ndiyo. Piga ukelele hata majirani wakuone mwendawazimu; ukelele si jibu. Mzee wetu aliitika kwa adabu, kama alivyolelewa. Wewe siku hiyo usiwe na adabu.