Mabati Juu ya Maji ya Macaloe

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, nilikuwa nimetoka chuoni, nikapata estágio, kazi ya mafunzo, katika ofisi ya kupanga njia za meli za gesi mjini Pemba, huku bara, si kisiwani. Kazi yangu ilikuwa kutazama picha za bahari zilizopigwa na setilaiti yenye rada, inayoona hata gizani na penye mawingu. Bahari hutoka nyeusi. Meli za chuma hutoka nukta nyeupe. Kila wiki nukta ziliongezeka, zikisogea kutoka kilindini kuja pwani ya kwetu. Hata nikifumba macho niliziona.

Siku moja chefe, mkuu wangu wa kazi, alinipa picha ya maji ya Macaloe, anakotega madema ya samaki mjomba wangu tangu hajaoa. Hapakuwa na nukta hata moja.

"Andika: hakuna shughuli," alisema.

"Chefe, ngalawa zao ni za mbao. Rada haizioni vizuri."

"Basi nionyeshe."

Nilikaa na neno hilo mchana kutwa. Mahali pasipo na shughuli pangepewa meli zipite, na zinapopita meli hapategwi dema tena. Labda nilikuwa nakuza mambo. Labda hakuna ambaye angeisoma ripoti yangu. Au ndiyo hiyo hasa ambayo ingesomwa. Nikampigia mjomba.

Nilimwomba aunganishe vipande vitatu vya bati, vikutane kama kona ya chumba ili virudishe mawimbi ya rada, avifunge juu ya mlingoti. Akauliza:

"Hicho chombo chako kinaona bati, hakimwoni mtu?"

"Ndivyo, mjomba."

"Umesomea shida, mwanangu."

Lakini alifanya, na wenzake wakamwiga. Baadaye alinisimulia walivyochekwa ufukweni. "Mnakwenda kuezeka bahari?" aliuliza mmoja. Mwingine alitaka kujua ni mganga gani siku hizi anayetoa hirizi za mabati. Wakacheka nao, wakaenda kutia nanga alfajiri niliyowatajia, setilaiti inapopita.

Picha ilipofika nilishindwa kukaa. Pale palipokuwa peusi palikuwa na nukta ndogo ndogo, zimefuata ukingo wa mwamba ninaoujua. Mojawapo ilikuwa mjomba. Nilimwita chefe kwa sauti ambayo sikuizoea.

Aliinama mbele ya kompyuta muda mrefu. Hakubisha. Hakuuliza hao ni kina nani wala wanavua nini. Alivuta kiti, akaanza kuzungushia kila nukta duara jekundu, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kando ya miduara akaandika: obstáculos. Vizuizi.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa tunajua pa kuanzia kuviondoa."

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nilitoka nayo ukumbini.

"Vipi, tumeonekana?" aliuliza mjomba.

Nilitafuta neno jingine, sikulipata. "Mmeonekana."

Nikamsikia akiwageukia wenzake na kupaza sauti, "Tumeonekana!" Wakashangilia, na mtu akaanza kupiga bati kama ngoma.