Feni Iliyomeza Silabi

Kazini walimwita Nukta, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kimeza cha pembeni katika baraza la migogoro ya kazi, akiandika kila linalotamkwa na watu wanaoapa kusema kweli kisha wanakohoa. Miaka hiyo ilimfunza kwamba mtu akianza na "kusema ukweli," inabidi utege sikio vizuri, maana uongo umeshafika mlangoni unavua viatu. Alimshuku shahidi, alimshuku wakili, alimshuku hata mpika chai wa ofisi, ambaye kosa lake lilikuwa kutabasamu kabla ya saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo siku mkuu wa masjala alipomwita na kumvutia kiti, Nukta alijua mambo yameharibika. Mkuu yule hakuwa mtu wa kumvutia mwenzake kiti, labda awe anakivuta kutoka chini yake.

"Kaa, dada yangu," alisema mkuu.

Hilo "dada yangu" ndilo lililomtia baridi.

Mkuu akabonyeza kitufe cha kinasa sauti. Ikasikika sauti ya mwenyekiti wa baraza ikimuuliza mlinzi wa kiwanda cha magodoro: "Uliyemwona akitoka getini na marobota ya kitambaa, ni huyu mtunza stoo?" Kisha ukaja mvumo, kama mtu anakaanga mchanga kwenye karai: *sssshhhh*. Kisha mlinzi: "...yeye."

"Wewe umeandika 'Si yeye,'" alisema mkuu. "Mtunza stoo karudishwa kazini. Sasa kiwanda kimekata rufaa. Wanasema mlinzi alisema 'Ni yeye.' Haya nieleze. Ni ni, au ni si?"

"Ni si."

"Ni si?"

"Nilisikia si, bosi."

"Ulisikia feni ya laptopu yako! Feni ndiyo iliyosema 'ssss'! Yaani feni imetoa ushahidi, na haikuapishwa!" Mkuu alicheka peke yake, akanyamaza peke yake. "Alhamisi mlinzi anasikilizwa upya. Njoo na mashine isiyo na kelele. Ukishindwa, yupo shemeji yangu, binti ana vidole vyepesi huyo, atakushikia nafasi. Wewe utapumzika kidogo kule chumba cha majalada."

Nukta alikijua chumba cha majalada. Aliyeingia mule mara ya mwisho "kupumzika kidogo" alitoka na cheti cha kustaafu na kikohozi.

Angeweza kulalamika kwamba ofisi imeahidi kompyuta tangu mkuu huyu akiwa na nywele, na kwamba kila mtu analeta ya kwake kama watoto wa shule wanaoleta vikombe. Hakulalamika. Alikuwa na siri, na mwenye siri hapigi kelele.

Siri ilikuwa hii. Siku ile ya ushahidi wa mlinzi, wakati wa mapumziko ya chai, Nukta alikuwa vitani. Kwenye gemu moja ya majeshi aliongoza kikosi cha watu tisa asiowajua kwa sura, wakiwemo, kwa kuwasikiliza tu, daktari wa meno mmoja na mtu mwenye jogoo. Hao tisa walimwita Kamanda. Akisema "zunguka kushoto," watu wazima walizunguka kushoto. Katika baraza zima hapakuwa na kiumbe aliyewahi kumzungukia popote. Kengele ya kikao ilipolia, hakuifunga gemu. Aliishusha tu chini ya skrini, vita vikaendelea kimyakimya, huku feni ikinguruma kupoza mizinga. Na katikati ya ngurumo hiyo mlinzi akafungua mdomo.

Nukta alikuwa na hakika kwamba alisikia 'si'. Hakika ya asubuhi. Ilipofika mchana ilikuwa imepungua, na jioni alimwona mtunza stoo katika mawazo yake akivusha marobota getini huku akimpungia mkono wa shukrani.

Angeweza kuacha gemu. Watu huacha hata sigara. Lakini kurudi kuwa "wewe dada wa kuandika" saa zote ishirini na nne, hapana, hiyo aliona ni adhabu kubwa kuliko chumba cha majalada. Ilibidi apate mashine moja, ya kimya, iandike mchana na kupigana ikiruhusiwa.

Duka la kwanza lilikuwa na kioo kirefu na muuzaji aliyenukia kuliko duka lenyewe.

"Mama, hii hapa ni kimya kama kaburi."

"Umewahi kukaa kaburini?"

"Ha! Mama una utani. Kusema ukweli..."

Masikio ya Nukta yakasimama.

"...kusema ukweli, hata gemu nzito haisikiki. Tazama mwenyewe." Kwenye skrini gari la rangi ya chungwa lilikuwa linakata kona, moshi unafuka, na mashine kweli ilikuwa imetulia tuli. Nyembamba kama daftari la mwaka wa kwanza. Nukta aliinama akaweka sikio kwenye kibodi mpaka muuzaji akadhani anasali. Kimya. Kimya mno. Akanyoosha kidole akabonyeza mshale wa kushoto. Gari likakata kulia.

Akabonyeza tena. Gari likaendelea na safari zake.

"Hii ni video," alisema Nukta.

"Ni... onyesho, mama."

"Kijana, umenipiga changa la macho nikiwa nimevaa miwani."

Akatoka. Mlangoni alimshuku pia yule mlinzi aliyemfungulia mlango kwa heshima. Alijuaje kwamba hajanunua?

Alipoulizauliza akaelekezwa kwa fundi mmoja, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, ambaye kibanda chake kilijaa laptopu zilizofumuliwa matumbo. Nukta alieleza haja yake. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kulisema:

"Haipo."

"Haipo nini?"

"Laptopu inayocheza gemu nzito bila kelele. Gemu ni moto, dada, na moto lazima utolewe. Nyembamba ndiyo mbaya zaidi, inahema kama mtu aliyebanwa mkanda. Ninayo hii nene hapa. Ina feni mbili pana na matundu makubwa mgongoni. Ukiandika, unaiweka kwenye hali ya utulivu, feni zinasimama kabisa. Ukicheza, zitavuma, ila mvumo mzito wa chini, si ule mluzi. Vaa hedifoni uendelee na maisha. Na betri itaisha upesi, nakwambia mapema. Tena ni nzito. Bega litauma."

Nukta alimtazama kwa makini. Muuzaji anayesifu alimzoea. Huyu anayeponda bidhaa yake mwenyewe alikuwa na mpango gani?

"Tuipime," alisema. "Nenda nyuma ya pazia. Nong'ona 'ni yeye' au 'si yeye,' upendavyo, mara ishirini. Mimi naandika."

Fundi hakuuliza. Akajifungia nyuma ya pazia, na kwa dakika kadhaa wapita njia walisikia sauti ya mwanamke ikinong'ona, "Si yeye... ni yeye... ni yeye... si yeye," mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua chaja yake akageuza njia. Katika hali ya utulivu Nukta alipata ishirini kwa ishirini. Gemu ilipowashwa, alikosa sita.

"Unaona?" Fundi alichungulia. "Basi usicheze ukiwa unaandika."

"Nani kasema nacheza?"

Fundi aliinua laptopu ya zamani ya Nukta, ambayo alikuwa ameshaanza kuhamisha mafaili yake. "Humu imeandikwa saa elfu nne na mia mbili uwanja wa vita. Nilidhani ni kazi ya ofisi."

Nukta alinunua, na kwa kuwa hakuna anayebishana na mtu aliyeziona saa zake, hakuomba hata punguzo.

Nyumbani balaa likabadili mlango. Mumewe, fundi bomba, kwa miaka yote alijua mambo ya mkewe kwa sikio: feni ikinguruma anacheza, isiponguruma anapika. Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni na spana mkononi.

"Mbona kimya hivi? Unafanya nini?"

"Naandika mwenendo wa shauri, baba watoto."

"Kwa kimya hiki?"

"Ndiyo hali ya utulivu."

"Hali ya utulivu," mumewe alirudia taratibu, kama mtu anayeonja maji ya bomba asiloliamini. Siku ile nzima alipita pale mara nane, kila mara akiwa amepoteza spana ileile iliyokuwa mkononi mwake.

Alhamisi ikafika. Nukta aliifungua mashine nene, akaiweka katika utulivu, akahakikisha mara tatu kwamba gemu imefungwa kabisa, si kushushwa. Ukumbi ukawa kimya kiasi kwamba tumbo la wakili wa kiwanda lilisikika likilalamika. Mkuu wa masjala alisimama ukutani mikono nyuma, na kando yake binti mwenye vidole vyepesi, amevaa kama mtu wa kuanza kazi. Mtunza stoo alikaa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakumtazama mlinzi. Alimtazama Nukta.

"Uliyemwona," mwenyekiti alisema, "ni yeye au si yeye?"

Mlinzi akajisogeza kitini. "Si ni yeye."

Ukumbi ukalipuka. "Ni yeye! Kasema ni yeye!" wakili wa kiwanda alikuwa wima. "Kaanza na si! Mmesikia wote, si!" alijibu mwakilishi wa wafanyakazi. Nukta alishusha pumzi. Hiyo 'si' aliisikia kweli siku ile. Feni ilikuwa imemeza silabi ya katikati tu. Kisha pumzi ikamrudia kifuani. Kama 'ni' nayo ilikuwepo, basi Kamanda alikuwa amemrudisha mwizi stoo.

"Mwandishi," mwenyekiti aligonga meza. "Umeandikaje?"

"'Si ni yeye,' mheshimiwa. Ila sijamaliza."

"Hujamaliza nini? Maneno ni matatu!"

"Sijaweka alama." Miaka kumi na tisa hakuwahi kumsemesha shahidi. Akageuka. "Ndugu, mwishoni nikuwekee nukta, mshangao, au alama ya kuuliza?"

Mtu akacheka. Mlinzi hakucheka.

"Weka ya kuuliza."

"Kwa nini ya kuuliza?" mwenyekiti aliinama mbele.

"Ndivyo nilivyopewa, mheshimiwa. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, mtu kajifunika kichwa, uso sikuuona. Meneja akaja akaniuliza, 'Si ni yeye?' Mpaka jana alikuwa ananiuliza hivyohivyo. Mimi sikutaka kudanganya, mzee. Nikaona nirudishe vilevile alivyonipa."

Meneja wa kiwanda ghafla akaanza kutafuta kitu chini ya kiti.

Nukta akabonyeza alama ya kuuliza. Kilikuwa kitufe kimoja tu, lakini kilisikika ukumbi mzima.

Rufaa ilitupwa kabla ya chai. Mtunza stoo alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena, akatoka. Binti mwenye vidole vyepesi aliambiwa asubiri nje, na nje ndiko alikobaki. Kisha mkuu wa masjala akaja mpaka kwenye kimeza cha pembeni, akainama, akaweka sikio juu ya kibodi.

"Haisikiki kabisa," alisema kwa mashaka. "Una hakika imewaka hii?"

"Imewaka, bosi."

"Na unaitumia kwa kazi tu?"

Saa ya ukutani ilionyesha mapumziko ya chai. Mahali fulani watu tisa, na jogoo mmoja, walikuwa wanamsubiri Kamanda wao.

"Kusema ukweli," alisema Nukta, huku kidole chake kikishusha sauti ya spika hadi sifuri, "kwa kazi tu."