Watu Hewa wa Kambi ya Mto

Wifi yangu haamini mtu, na nasema hivyo kwa kumsifu. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Mdogo wangu alipomwoa na kumleta nyumbani kwetu nilidhani ni kiburi. Baadaye nikaelewa kwamba kazi yake inamtaka awe hivyo.

Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ni changu, kina mashine zangu na kioo cha wateja. Chumba cha nyuma ni chake: kompyuta, feni, na mlango unaofungwa kwa ndani. Anasimamia seva ya mchezo wa vita, yaani uwanja wa mtandaoni ambamo watu wasiojuana wanaingia kupigana. Humo wanamwita Mizani. Akishafunga mlango namsikia akizungumza na wanaume kupitia vile vidude vya masikioni: "Nakuona. Usidhani sikuoni. Rudi ulikotoka." Sasa niambieni, dada gani angesikia maneno hayo kwa mke wa mdogo wake na machale yasimcheze?

Kwa hiyo niliingia mchezoni kumchunguza, na sioni haya kusema. Nilijiandikisha kwa tableti ninayowaonyeshea wateja mishono, nikajiita Sindano. Mlangoni unaulizwa jambo moja tu: Kambi ya Mlima au Kambi ya Mto? Nikachagua Mto kwa sababu sare zao za samawati zilikuwa zimekatwa vizuri mabegani. Sikujua kuwa hakuna mtu mwenye akili zake aliyekuwa akichagua Mto.

Ndiyo iliyokuwa shida ya wifi. Mlima walikuwa wakishinda, basi kila mgeni alikwenda Mlima, basi Mlima wakazidi kushinda. Sisi wa Mto tulibaki wachache kama nywele za mwenye kipara. Vita ilikwisha kabla hujajua umeshika silaha upande gani. Wa Mto wakichoka kupigwa wanaondoka, na wa Mlima wakikosa wa kupiga nao wanaboeka na kuondoka. Meneja wa kampuni, ambaye sisi tulimjua kwa sauti ya simu tu, alikuwa ametoa neno: msimu ukiisha kambi hazijakaribiana, seva inafungwa na kibarua cha Mizani kinaota nyasi. Mdogo wangu ni fundi wa majokofu, na majokofu hayaharibiki kila siku. Nyumba ile ilikuwa imesimama juu ya chumba cha nyuma.

Wifi alijaribu kila njia. Alianza kwa kutoa zawadi kwa anayeingia Mto, panga zuri na farasi. Wakaja, wakachukua farasi, wakatoweka nao. Akafunga mlango wa Mlima na kuweka foleni. Foleni ndiyo ikawa tangazo! Mtu akiona foleni anajipanga kwanza, kinachogawiwa huko mbele atauliza baadaye. Watu ambao hata hawakuwa na mpango wa kucheza sasa walitaka Mlima, tena kwa hasira.

Mwisho akatunga kanuni ya kimyakimya. Mlango wa Mlima ungefunguka kwa mtu mmoja kila Mto ilipopata mtu mmoja. Hakuitangaza. Alimweleza mumewe tu jikoni, nami nilikuwepo nikichambua mchele kwa masikio.

Haikupita muda Mto ikaanza kujaa. Meneja akapiga simu akicheka, kicheko kilichosikika mpaka kwenye cherehani yangu. Wifi hakucheka. Alitoka chumbani, akasimama mlangoni kwangu, akashika kiuno.

"Wifi, watu wanakuja."

"Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Wanakuja kirahisi mno. Hapa pana mkono wa mtu."

Nilijikausha, nikaendelea kupinda ukosi. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa nimewaona. Wageni wale walisimama nyuma yangu vitani kama yale masanamu ya dukani ya kuvalishia nguo, mimi nauawa peke yangu nao wametazama ukuta. Lakini ningesemaje bila kueleza nilikuwa nafanya nini huko?

Siku iliyofuata aliniita chumba cha nyuma. Alikuwa hajawahi kuniita. Nilihisi nimeshikwa, nikaingia nikiwa na jibu tayari, kumbe hakuniitia hilo.

"Tazama hawa," alisema, akigusa kioo. Askari wa samawati walikuwa wakifika darajani mmoja mmoja. "Kila mmoja anaruka mara mbili, ndipo avuke. Ni nani anayeruka mara mbili kabla ya kuvuka kitu?"

Mdogo wangu, tangu akiwa mtoto, havuki hata mfereji wa maji machafu bila kuruka mara mbili. Anasema anaondoa mkosi.

"Mimi simjui," nikasema.

Akanikata jicho. "Sikukuuliza kama unamjua."

Mchana mdogo wangu alirudi na mkoba wake wa spana. Wifi akampakulia, akakaa mbele yake, akamwacha ameze matonge mawili matatu.

"Umenijazia kambi watu hewa," alisema.

"Watu hewa gani tena?"

"Wanaoruka darajani."

Mdogo wangu alinitazama mimi, nami nikatazama bakuli la mboga. Akasukuma sahani.

"Nilifanya kwa ajili yako, mke wangu. Meneja anataka idadi ipande, nimeipandisha. Nimejiandikisha Mto kwa majina ya uongo: kwa simu yangu, simu mbovu fulani niliyoitengeneza, na kompyuta ya gereji. Na mlango wa Mlima ulipofunguka, jamaa zangu waliokuwa foleni wakaingia. Nani kaumia?"

"Mto imeumia! Kila hewa moja uliyoniletea, mtu wa nyama na damu ameingia Mlima. Umewaongezea nguvu walewale, halafu unakula chakula changu ukijiona umenisaidia."

"Meneja hajui."

"Hajui leo."

Hapo nikaingilia, kwa sababu niliogopa, kwa kweli niliogopa. Niliona chumba cha nyuma kimefungwa na sisi watatu tukigombania wateja wangu wa mishono. "Wifi, tulia. Zimebaki siku chache msimu uishe. Nyamaza, upite."

Akageuka taratibu. "Na wewe wifi umejuaje msimu unaisha lini?"

Mdogo wangu akaniokoa bila kukusudia, kwa kuanza kulalamika. Alisema hizo zawadi na foleni zote ni bure, kwamba watu hawaendi Mto kwa sababu hawana wa kwao kule. "Jamaa zangu hawakufuata Mlima, walinifuata mimi niliyeko huko miaka yote. Ungeturuhusu tuhame kundi zima na vyeo vyetu, tungehama. Nani atahama peke yake aanze kama kuruta?"

Wifi alimtazama mumewe kama anayekagua noti ya bandia. Kisha akachukua simu, akaiweka mezani katikati ya sahani, akampigia meneja tukiwa tunasikia wote. Alimweleza kila kitu: watu hewa, nani aliwaingiza, kanuni ilivujia jikoni kwa nani. Na wazo la makundi kuhama na vyeo vyao, akasema wazi lilikuwa la mumewe. 

"Futa wote," meneja alisema. "Jaribu hilo la makundi, nakupa msimu mmoja zaidi. Lakini nyumba yako yote itoke mchezoni. Yote, leo hii. Nikikuta hata mmoja, wewe ndiye utakayetoka."

Mdogo wangu alikuwa amemkuza askari wake wa Mlima kwa miaka. Aliomba nafasi kidogo tu, akawaandikia jamaa zake waende Mto wakamsaidie mkewe, kisha akasimama nyuma ya kiti cha wifi na kusema, "Nifute wewe mwenyewe." Wifi akamfuta. Akawafuta na wale wa darajani. Mdogo wangu akaenda uani, akasimama na jokofu bovu bila kulitengeneza.

Nilibaki mlangoni nimekumbatia tableti. Nilikuwa nimeipenda Mto, jamani. Nilikuwa nimeuawa kule mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kila mara nilirudi. Nilifikiri: akinyamaza, nami nitanyamaza.

"Sindano," alisema bila kugeuka.

Nikaishusha tableti. "Umejua lini?"

"Siku uliyoingia. Ulikuja kunipeleleza."

"Na mbona hukunitoa?"

Alikuwa tayari ameshafungua jina langu kwenye kioo, mkono juu ya kipanya. "Nilikuchunguza kila siku nikitafuta hila yako nyingine," alisema. "Sikuiona. Katika wote walioingia Mto msimu huu, wewe peke yako ndiye niliyekuamini."

Akabonyeza.