Peni Bandia kutoka Guangzhou

Mama yangu amerudi kwenye pesa za mkoloni. Hakuaga mtu. Siku moja tu alimwambia mke wa kaka yangu, ambaye ndiye anayekaa naye Kilosa, kwamba kitumbua ni ndururu, viwili peni, na asiyetaka aende zake. Tangu siku hiyo pesa za sasa hazitambui. Noti ya elfu kumi aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza ili isiyumbe.

Mimi niko Guangzhou, huu mwaka wa kumi na moja, nanunua nguo za watoto kwa jumla na kuzisafirisha. Chumba changu kiko ghorofa ya tano, nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, na mtu pekee anayenigongea mlango ni msoma mita wa gesi. Jumapili naonana na wanafunzi wetu kanisani. Wananiamkia vizuri, shikamoo mama, kisha wanarudi kwenye simu zao. Kwa hiyo mazungumzo yangu ya kweli ni ya mama. Nampigia saa tisa alasiri, Kilosa ikiwa saa nne asubuhi, kabla kichwa chake hakijachoka.

Alianza kusahau jina langu, halafu sura yangu nayo ikaenda. Lakini nikimwuliza, "Vitumbua bei gani leo, mama?" anageuka na kunijibu. Tunapatana bei, ananitania kwamba mkono wangu mzito kutoa, na mimi napata dakika kumi za mama yangu. Hanijui mimi ni nani, ila anazungumza nami. Nilikuwa naogopa sana siku ambayo hata mlango huo utafungwa.

Pesa zenyewe mimi sikuwahi kuzitumia. Nilizaliwa zikiwa zimeshakufa. Nilizikuta kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda: ndururu ndogo, senti tano, peni, senti kumi, pana na nzito, zote za shaba, zina tundu katikati na pembe za ndovu zimepinda kulizunguka. Zilikuwepo na sumni chache, nusu shilingi, zenye simba upande mmoja na upande wa pili kichwa cha mfalme ambaye Kilosa hajafika hata kwa bahati mbaya. Nilizipanga sakafuni, nikazipanga tena. Zilinuka mkononi, na harufu ile haikutoka kwa sabuni.

Mama aliuza vitumbua stesheni ya reli tangu akiwa msichana. Kila peni aliyopewa aliitunga kwenye kamba ya katani aliyojifunga kiunoni, ndani ya kanga. Hakuhesabu. Kamba ikishaanza kumchoma nyonga alijua biashara imekwenda, anabeba sinia anarudi nyumbani. Na kabla ya kuitunga alikuwa na kazi moja: anaidondosha peni juu ya jiwe na kusikiliza. Ya kweli inalia, alisema, ya uongo inagugumia. Wapo waliomletea vipande vya bati vilivyotobolewa, wakidhani msichana hawezi kujua. Walijuta, maana mama ana mdomo, na mimi nimerithi.

Hata baada ya pesa kubadilishwa aliendelea kuita shilingi ishirini pauni. Karo yangu ya shule nilitajiwa kwa pauni, na dukani nikawa namtafsiria muuzaji kijana aliyekuwa anashangaa.

Baba ndiye aliyezimaliza zile za kwenye kopo. Alipoezeka nyumba aliziweka chini ya vichwa vya misumari, mvua isipenye. Ilikuwa kazi safi, paa halikuvuja mpaka anafariki. Miaka michache iliyopita kaka alibadilisha bati, na mnunuzi wa chuma chakavu akabeba kila kitu. Niliambiwa kwa simu nikiwa huku, nikasema vizuri sana, mama apate paa jipya. Swali la peni halikunijia kabisa. Leo najiona mjinga.

Basi mwezi uliopita wifi yangu akanipigia mwenyewe, jambo asilolifanya. Alisema kila asubuhi anampikia mama vitumbua vichache, mama anakaa navyo barazani, na majirani wanakuja kununua ili kumfurahisha. Wanatoa sarafu za mia mbili. Mama anazigeuza, haoni tundu, anazirudisha.

"Wifi, jana amelia," akasema. "Anasema wateja wamemkimbia. Sinia linaingia ndani lilivyotoka."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Nikajiambia, wewe unaishi kwenye mji unaotengeneza kila kitu duniani, utashindwa peni?

Hapa pesa ya kushika imeshapotea. Hata bibi anayechoma viazi vitamu kando ya barabara amebandika karatasi ya kulipia kwa simu. Kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian Road bei hata haitamkwi: laoban, mwenye duka, anaandika kwenye kikokotoo, unafuta unaandika yako, anafuta anaandika yake. Kuna siku nimeingia maduka ishirini na neno pekee nililoambiwa ni meiyou, hakuna.

Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza vifungo, zipu na vyuma vya mikoba. Nilimchorea duara na tundu katikati. Akanitolea trei ya vipete bapa vya shaba, vipana kidogo, rangi ileile ya peni za kopo la maziwa. Alinionyesha bei, rahisi kabisa, nami kwa mazoea nikapiga kelele kwamba ni ghali, nikafuta, nikaandika yangu. Nikanunua pesa bandia kwa bei ya jumla, gunia dogo zima, na nikaondoka nikijipongeza. Sikuwahi kununua kitu kwa furaha namna ile katika mji huu.

Mfanyabiashara mwenzangu, mama wa Dar, alikuwa anaondoka wiki hiyo. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun ili nihakikishe kifurushi changu hakibaki. Akaniuliza ndani kuna nini kizito hivyo. Nikamwambia mauzo ya mama.

Siku kilipofika Kilosa, wifi aliwagawia majirani kila mmoja vipete vitano, akanipigia kwa video, akaiegemeza simu kwenye dirisha la baraza. Nikamwona mama na sinia lake, kitambaa cheupe kichwani. Jirani wa kwanza akaomba viwili, akatoa kipete. Mama alikipokea, na uso wake ukafunguka.

Kisha akakipapasa kwa kidole gumba, upande huu, upande ule. Akainama, akakidondosha juu ya sakafu ya saruji, akatega sikio.

"Nani kaleta hizi?" akauliza.

Wifi hajui kusema uongo. Akaninyooshea kidole. "Huyu hapa kwenye simu, mama. Wa Uchina."

Mama aliisogelea simu mpaka nikawa naona jicho moja na nusu ya pua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetembeza pesa za uongo?"

"Nisamehe mama. Nilitaka wateja warudi."

"Haina pembe za ndovu. Hailii. Umeniona mimi mshamba?"

"Hapana, mama. Nimekosa."

"Nina binti yangu huko huko Uchina," akasema, na akajinyoosha kidogo. "Yule anaijua biashara, hadanganywi na mtu. Nitamwekea hizi nimwonyeshe. Atakutafuta, na atakupata."

Kwanza niliona fahari, nasema kweli. Nilikuwepo kwenye kichwa chake, mzima, mjanja, natisha watu. Halafu nikatambua kwamba huyo aliyekuwepo hakuwa mimi ninayeongea naye, na nilimwonea wivu. Jirani alikuwa amerudisha vitumbua kwenye sinia na anaangalia chini.

Nilitafuta neno lolote la kumshikilia asiondoke. "Na anakuja lini huyo binti yako?" nikauliza.

Mama hakufikiri hata kidogo. "Anasema mwezi ujao," akajibu. "Kila nikimwuliza, mwezi ujao. Ni lini hasa?"

Akaendelea kuniangalia, anangoja nimjibu. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia mwezi ujao.