Mwenyekiti Aliyekataa Kutia Sahihi

Esteri Niyonkuru alichaguliwa mwenyekiti wa wafugaji nyuki wa Kumsenga kwa sababu ya ukali wake. Aliwahi kumfukuza dalali mwenye mizani ya uongo, akamsindikiza kwa matusi mpaka barabara ya Kibondo. Siku hiyo walimpigia makofi.

Kampuni ya Ulaya iliyonunua asali yao ilitaka asali ya msituni, isiyoguswa na dawa. Ilimpeleka Esteri Kasulu siku tatu kusomea uongozi wa uwajibikaji katika biashara ya kimataifa. Alirudi na cheti, na kazi ya kutia sahihi kwamba kila shehena ni safi.

Mwaka jana alikwenda kukagua mizinga ya Tharsisi, makamu wake. Hakuiona msituni. Aliikuta ukingoni mwa shamba la tumbaku, nyuki wamelala chini wamekufa, harufu ya dawa ingali hewani. Na asali ya Tharsisi ilikuwa imekwisha kuchanganywa katika mapipa saba kati ya ishirini.

"Hayo saba hayaendi," aliwaambia wenzake kwenye mkutano.

"Tia sahihi, mama," alisema Gharibu, wakala wa kampuni pale Kibondo. "Lori linasubiri. Huko hata hawapimi."

"Wangepima nisingekuwa na kazi. Wameniamini mimi."

"Wazungu ndio ndugu zako sasa?" Tharsisi alifoka. "Watoto wetu watakula cheti chako?"

Ukumbi ulilipuka. Mtu alimrushia kofia ya kurinia asali, ikampiga shavuni. Walimvua uenyekiti palepale, Tharsisi akatia sahihi, lori likaondoka na mapipa yote.

Esteri aliiandikia kampuni. Aliwaomba wayakatae yale saba na kupokea yaliyobaki, kwani wenye hayo mengine hawakukosa. Jibu lilikuja na mistari mitatu: mkataba na kikundi kizima umevunjwa.

Kijiji cha Kumsenga kikamgeuka. Mizinga yake kumi na minne ilichomwa moto mchana kweupe. Akiwasalimu "Mwakeye" njiani, watu walitema mate.

Hasira yake hakuielekeza kwa majirani. Aliipigia simu ofisi ya kampuni Dar es Salaam.

"Mlinifundisha kwamba kiongozi hakimbii madhara ya uamuzi wake," alisema. "Nyinyi mmekimbia. Mmewaadhibu waliosema ukweli pamoja na waliodanganya. Safari ijayo nani atawaambia ukweli?"

"Mama, hii ni sera yetu."

"Basi njooni muisome hapa, mbele ya watu."

Alipiga kila Jumatatu kwa miezi mitano. Wakamchukia nao. Mwishowe alikuja Aline, ofisa wa kampuni, uso umekunjamana tangu anashuka garini. Kampuni ingenunua tena, alisema, ila kila pipa liwe na jina la mwenyewe, na mkaguzi awe Esteri.

Kaya kumi na moja tu zilijiandikisha. Hakuna aliyemshukuru.

Wa kumi na mbili alikuwa Immakulata, mke wa Tharsisi. Alikuwa ameihamishia mizinga yao msituni peke yake.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Nakuchukia. Kagua."

Esteri alifungua mzinga mmoja baada ya mwingine, akachungulia, akanusa, akaonja. Asali ilikuwa safi. Akaliandika jina la Immakulata kwenye pipa, kila mmoja akashika njia yake bila kuaga.