Shemeji Yangu Hucheza Mvua Ikinyesha

Dada yangu ameolewa na fundi rangi, na fundi rangi hana adui mkubwa kuliko mvua. Ukuta wa nje ukilowa, kazi imekufa. Mafundi wenzake siku hizo hukaa kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, wakacheza karata na kuyalaumu mawingu. Shemeji yangu huvaa viatu vyake vibovu, hufunga fimbo tatu kwa kamba, na kwenda kucheza gofu.

Najua inavyosikika. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga gundi. Mimi ni fundi viatu.

Ilianza hivi. Klabu moja ya gofu ilimwita kupaka rangi jengo lake. Mvua ikaanguka, wanachama wakakimbilia ndani kunywa chai, na uwanja mzima ukabaki kwa mtunza nyasi, mtu mpole asiye na wa kuongea naye. Akampa shemeji fimbo, akamwambia ajaribu. Meneja aliwaona kupitia dirisha, ila hakutoka kuwakataza kwa sababu angelowa. Baadaye ikawa ndiyo sheria: wafanyakazi na mafundi ruksa kucheza, mradi mvua inanyesha na hakuna mwanachama anayeutaka uwanja. Basi shemeji akajifunza gofu yote, tangu kushika fimbo, ndani ya maji. Kule wakambandika jina la Chura.

Na Chura alikuwa hodari. Alitia matambara makavu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga tumboni chini ya shati, na kabla ya kila pigo alifuta mpini na viganja. Alipiga taratibu, miguu imetulia. "Mtu wa ngazi hajirushi," aliniambia. Hewa ya mvua ni nzito na mpira hauendi mbali, kwa hiyo alichukua fimbo ndefu kuliko watu wa jua wanavyochukua, akahakikisha imegusa mpira kabla ya kugusa tope. Mpira ukianguka penye maji haubingiriki, unakaa pale pale. Basi yeye aliurusha moja kwa moja hadi kwenye bendera. Na karibu na shimo, mahali ambapo wengine husukuma mpira kama wanaogopa kuuamsha, yeye aliugonga kwa nguvu, maana nyasi zilizolowa zinaung'ang'ania. Haya yote aliyasimulia mezani wakati wa kula. Tuliendelea kula.

Dada hakuamini hata neno moja.

"Mvua ikinyesha watu wanaingia ndani," aliniambia. "Mume wangu anatoka. Na anarudi ana raha."

"Labda anapenda gofu."

"Mdogo wangu, dalili ya mvua ni mawingu."

Akaniletea vile viatu vibovu nivichunguze. Nilivigeuza, nikachokoa soli kwa ncha ya kisu, nikampa ukweli wa kitaalamu: hizi ni nyasi fupi, zilizokatwa vizuri. Nilidhani namsaidia shemeji.

"Zilizokatwa vizuri," dada alirudia. "Kumbe ana bustani."

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Nilimuuliza kwa nini asimfuate akajionee. Akasema hawezi kukimbizana na mume kwenye tope kama kuku aliyetoroka. Nikajitolea kwenda mimi, na nilikuwa nimeazimia kabisa, ila siku yenyewe ilinyesha. Haukupita muda, dada akampigia mama yetu simu, akamuuliza kama kile chumba chake cha nyuma bado kiko wazi au ameshakijaza mkaa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia sabuni dukani. Mama akanipigia mimi analia, na hapo kicheko kikaniisha. Nilimpenda shemeji yangu. Sikutaka kumzoea mwingine.

Yeye naye hakuwa mjinga, aliona. Klabu ilikuwa na mashindano ya wafanyakazi kila mwaka, siku moja ya ruhusa hata jua likiwaka, familia zinaalikwa, na fundi wa jengo alihesabiwa kuwa mwenzao.

"Mama watoto, njoo uone kwa macho yako," alimwambia dada. "Ukishaona, sema unalotaka kusema."

Dada akakubali. Alivaa lile gauni lake la kuendea harusi za watu.

Siku hiyo jua liliwaka tangu asubuhi. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kuazima. Shemeji alitazama juu, akafunga matambara yake tumboni vilevile.

Alifuta mpini uliokuwa mkavu, akafuta viganja vilivyokuwa vikavu, akachagua fimbo ndefu, akapiga kama alivyozoea. Mpira ukapita bendera, ukapita meza ya vinywaji, ukagonga ukuta wa klabu ambao yeye mwenyewe alimaliza kuupaka upya majuzi, ukaacha alama. Karibu na shimo ndiyo ilikuwa aibu tupu. Aligonga kwa nguvu, mpira ukaruka shimo na kuteremka upande wa pili. Akaufuata, akagonga tena, ukarudi ulikotoka. Ungedhani anafukuza panya. Akawa wa mwisho, nyuma ya mpishi, ambaye ndiyo kwanza anashika fimbo na alicheza na aproni yake kiunoni.

Mtunza nyasi akamwonea huruma, akaja hadi alipokaa dada.

"Shemeji, mumeo ni bingwa kweli."

"Bingwa wa lini?"

"Wa mvua."

Dada alitazama mbingu, akamtazama yeye, akasema asante.

Walipofika nyumbani alimuuliza mumewe jambo moja tu: "Miaka yote hii ndiyo unatoka kwenda kufanya vile?" Kesho yake shemeji alirudi klabuni na brashi kuziba ile alama ukutani.

Mvua iliyofuata ilinikuta kwao, nimepeleka viatu vya watoto. Dada alikuwa anapiga pasi. Fimbo tatu zilikuwa zimeegemea nyuma ya mlango. Shemeji akainuka, akazitazama, akakaa tena.

"Huendi?" dada akauliza.

"Siendi. Nimeacha."

"Umeacha kwa nini?"

"Naogopa kurudi nikukose."

Hakusema kwa kulalamika. Aliweka mikono magotini, akatazama maji yakiteremka kwenye kioo cha dirisha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa ambaye hataki kusumbua wageni. Mimi nilijishughulisha na kamba za viatu. Dada akaendelea na kola ileile, mbele, nyuma, mbele, mpaka nikaanza kunusa kitambaa kikiungua. Kisha akachomoa waya.

"Baba watoto, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Vaa viatu. Na wewe," akanigeukia, "chukua mwavuli. Huyeyuki."

Uwanja ulikuwa mtupu, umejaa vidimbwi. Dada alisimama pembeni ya njia akiwa amekunja mikono, mimi nikimshikia mwavuli na maji yakiniingia shingoni. Shemeji akatoa tambara kavu tumboni, akafuta mpini, akafuta viganja, akatuliza miguu. Akapiga. Mpira ukapaa ndani ya mvua tukaupoteza, halafu ukaanguka kando ya bendera na kukaa hapo hapo kama kikombe kilichowekwa mezani. Akaenda, akaugonga kwa nguvu, na maji yakiruka nyuma yake mpira ukaingia shimoni. Hakushangilia wala hakutugeukia. Alikwenda shimo la pili, akafanya vilevile. La tatu pia. Alikuwa amesahau kwamba tupo, na alikuwa na ile raha iliyomnyima dada usingizi.

Dada aliangalia kwa muda mrefu. Gauni lilikuwa limemlowa mpaka magotini. Kisha akatoa simu, akaikinga kwa kiganja, akampigia mama. Mama yetu hasikii vizuri, kwa hiyo huongea kwa kelele, na nilisikia kila kitu.

"Mama, kile chumba cha nyuma, weka mkaa."

"Mbona sauti inakatika? Uko wapi?"

"Niko nje, kwenye mvua. Niko kwenye gofu."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Uko na nani huko?"

"Na mume wangu," dada akasema, na akaniambia nishike mwavuli vizuri, haoni.