Mzee Kunja na Kipande cha Nne

Waliofika kwenye karakana ile kutafuta kazi walimwogopa kabla hawajamwona. Wenyeji wa benchi la nje waliwanong'oneza wageni: "Humo ndani kuna mzee mmoja. Usimchekee, hacheki. Usimsalimie sana, atadhani una jambo." Walimwita Mzee Kunja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukunja vyuma, na vyuma hivyo ndivyo vilivyoamua nani anapanda basi la mradi na nani anarudi kwa mkewe kueleza.

Kazi yenyewe haina mafumbo. Mradi wa gesi ukitaka mafundi wa kuchomelea mabomba, hauzunguki mitaani kuuliza. Unampigia Mama Ajira, ambaye ofisi yake iko ghorofani, juu ya karakana. Mama Ajira ana simu mbili na sauti moja inayozitosha zote. Huwasaka mafundi popote walipo, hukagua vyeti vyao, huwapigia waajiri wao wa zamani kuuliza kama bwana huyu kweli alichomelea mabomba kwao au alikuwa anafagia. Maana vyeti vya kughushi vipo, tena vinapendeza kuliko vya kweli. Vingine vimejaa mihuri utadhani mwenye navyo anagombea urais. Ndiyo maana hata mwenye cheti safi hushushwa chini kwa Mzee Kunja akajaribiwe.

Huko chini fundi hupewa vipande viwili vya bomba vilivyofungwa kimshazari, avichomelee kuzunguka pande zote bila kuvigeuza, awe amechuchumaa, amepinda, hata amelala chali, shauri yake. Akimaliza anatoka nje. Mzee Kunja anakata vipande vinne vyembamba kwenye ule mshono, anavilainisha kwa grinda, kisha anakiingiza kimoja kimoja kwenye mashine na kukikunja mpaka kiwe kama kishikio cha ndoo. Mshono mzuri hukunjika bila kulalamika. Mbaya hupasuka. Ufa ukizidi milimita tatu, hata kwenye kipande kimoja tu, fundi ameanguka. Usipozidi, amepita. Hakuna cha bahati mbaya wala cha mtoto wa fulani.

Zamani alikuwa akinywa chai na watu. Kisha siku moja fundi mmoja alimnunulia soda, akafanya mtihani wake vizuri, akapita kwa haki kabisa, na benchi zima likasema ni ile soda. "Mkono mtupu haulambwi," walisema, wakacheka. Mzee Kunja hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anakuja na chupa yake ya chai, anainywa peke yake nyuma ya mashine, na mtu akimkaribisha hata karanga anasema ameshiba. Sheria hiyo hakutungiwa na mtu. Aliitunga mwenyewe, akaitii mpaka ikamzoea.

Matokeo yake yakawa ya ajabu kidogo ukiyafikiria. Aliowaangusha hawakumsalimia tena. Aliowapitisha walikuwa wameshaondoka, wako huko kwenye mabomba ya watu. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa na wanaume waliomjua, na hakuna hata mmoja wa kumgongea mlango.

Nyumbani kwake vyumba vilikuwa vitatu, naye alitumia kimoja. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu kila Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula, mama." "Umekula nini?" Hapo mzee alianza kutafuta jibu, na kutoka kule upande wa pili mjukuu analia, na binti anasema, "Ngoja baba, nitakupigia." Asubuhi akitoka aliacha redio ikiwa imewashwa, ili jioni akifungua mlango akute mtu anaongea. Alikuwa mpweke, na alijua, na hakuwa na wa kumwambia. Upweke ndivyo ulivyo, ukipata wa kumweleza unakuwa umeshapungua.

Wa kumpunguzia alikuwa mmoja tu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Fundi Mageti. Huyu alitengeneza mageti na madirisha mbele ya chumba alicholala. Mke na watoto walikuwa kwa mama yake, mbali, akiwaona mara chache kwa mwaka. Walijuana siku bawaba ya geti la mzee ilipokatika. Fundi alikuja, akaichomelea, akasimama pembeni. Mzee akainama, akautazama ule mshono, akautazama tena, akauzunguka.

"Mzee wangu," Fundi akamuuliza, "unataka kulikunja na geti?"

Mzee Kunja alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amesahau jinsi mbavu zinavyouma mtu akicheka.

Tangu hapo kila jioni walicheza drafti kwenye baraza la mzee. Kete zao zilikuwa vizibo vya soda. Vya mzee vilitazama juu, vya Fundi vililala kifudifudi. Fundi alikuwa hajui kushinda kimya wala kushindwa kimya. Akila kete alipiga ubao mpaka vizibo vikaruka. Akiliwa alidai kizibo kilisogezwa na upepo. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," mzee humwambia, naye hujibu, "Na asiyecheka akishinda ni mchawi." Mambo ya karakana hayakutajwa pale barazani. Walikubaliana hivyo bila hata kukubaliana.

Kisha mageti yakaanza kuletwa tayari, yamepakwa rangi, yamefungwa nailoni, na watu wakayapenda. Wateja wa Fundi wakabaki wale wa kuziba masufuria. Mzee aliliona hilo. Aliona pia kwamba Fundi siku hizi anachelewa kurudi, na anakuja na vidoa vipya vya moto shingoni, vidoa vya mtu anayechomelea juu ya kichwa chake. Mageti hayachomelewi juu ya kichwa. Mzee alijua maana yake, akajifanya hajui.

Jioni moja Fundi hakupiga ubao alipokula kete.

"Kesho kutwa nakuja kwako," alisema. "Si hapa. Kule."

"Umejiandaa?"

"Miezi mingi. Kuna jamaa ana mabomba chakavu, ananiachia nifanyie mazoezi. Mama Ajira amekagua karatasi zangu, amesema ziko sawa, umebaki wewe." Akasogeza kizibo, akakirudisha. "Mkataba ni wa miaka miwili, na wakikupenda wanaongeza. Nyumba za familia zipo hukohuko. Nitakaa na wanangu, mzee wangu. Mdogo ananiita mjomba."

"Hilo jambo jema," mzee alisema. Na kweli lilikuwa jema. Usiku ule redio ilikesha ikiongea.

Kesho yake alipanda ghorofani kwa Mama Ajira, akamwambia kwamba huyu wa kesho ni jirani yake, rafiki yake, hivyo atafutwe mtu mwingine wa kumpima. Mama Ajira aliweka simu zote mbili chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Mzee, nimtoe wapi mwingine? Mradi unaning'ang'ania, basi liko tayari, viti havijajaa. Halafu wewe! Wewe umeshamwangusha mpwa wangu mimi, mchana kweupe, nikakuletea maji ya kunywa ukayakataa. Humpendelei mtu. Mpime tu."

Asubuhi ya mtihani, huko chini, benchi nalo likawa limeshapata habari. "Leo tutaona," walisema. "Leo mzee atakunja kwa huruma." Kila mtu alikuwa anamchunga asimpendelee rafiki yake. Hakuna hata mmoja aliyefikiri upande wa pili: kwamba rafiki akipita ndiyo anaondoka, na akianguka ndiyo anabaki, na jioni wanacheza drafti kama kawaida. Mzee Kunja alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Alijaribu kulifukuza, likarudi na kuketi.

Fundi alifika amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kuposa. Hawakuangaliana. Alishusha ngao usoni, akaanza. Mzee alisimama mbali akisikiliza. Moto wa fundi mzuri hutoa sauti ya mafuta yanayokaanga taratibu, na huo ulikaanga taratibu, isipokuwa mara moja, chini ya bomba, mahali ambapo mkono huchoka na jasho huingia jichoni. Pale uliguna kidogo, ukaendelea. Fundi alipomaliza aliweka ngao mezani, akatoka nje.

Mzee akafunga mlango, kama anavyofanya siku zote. Akakata, akasugua, akakunja. Kipande cha kwanza kilikunjika kikang'aa. Cha pili vilevile. Cha tatu ukikitazama huoni hata mshono ulipo. Akachukua cha nne, kile cha chini ya bomba, akasukuma mkono wa mashine polepole, na karibu na mwisho akasikia tiki, kama ukucha unaokatwa.

Akakitoa. Palikuwa na ufa. Akautazama kwa macho matupu, na macho yake yaliyozoea yakamwambia, umezidi.

Roho yake ikaruka kwa furaha.

Alisimama pale na kile kipande kingali na joto mkononi, na ile furaha ndiyo iliyomtia hofu. Katika miaka yote ya kukunja vyuma hajawahi kufurahi mtu akianguka, hata wale wajeuri, hata yule aliyemtukana. Akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Jicho lililofurahi si jicho la kuamini.

Akakipeleka dirishani. Akatoa kioo cha kukuzia na rula ndogo ya chuma, akapima. Kwenye mwanga aliona jambo ambalo macho matupu yalikuwa yamelichanganya: ufa uliishia mahali fulani, na kilichoendelea mbele ni mkwaruzo wa grinda, juujuu tu, ukipitisha ukucha haukwami. Ufa wenyewe ulikuwa milimita tatu. Akapima tena akianzia upande wa pili, polepole, akiomba, na hata yeye hakujua anaombea nini. Tatu. Haujazidi hata unywele.

Angesema umezidi, nani angebisha? Benchi lingemsifu kwa msimamo. Mama Ajira angeguna, akapiga simu nyingine. Fundi mwenyewe angelaumu jasho. Mzee Kunja alijua yote hayo. Akachukua kalamu, akaandika kwamba amepita, akatia sahihi, akafungua mlango.

"Ingia uchukue vipande vyako," alimwambia Fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Aliyepita huenda na vipande vyake, aliyeanguka vyake hutupwa kwenye pipa la vyuma chakavu. Fundi alielewa. Akakaa chini palepale mlangoni na shati lake la pasi, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Jioni ya kuamkia safari walicheza mara ya mwisho. Fundi alikuwa ameshauza mashine yake na kufunga begi. Alikuwa na kelele kuliko siku zote, akapiga ubao hata asipokula kitu. Kisha akatulia, akasema bila kuinua macho:

"Mimi nilijua utaniangusha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningekuwa mimi, ningekuangusha wewe." Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Ningebaki nacheza na nani?"

Mzee Kunja alitafuta la kusema kama anavyotafuta siku za Jumapili binti yake akiuliza amekula nini. Akasogeza kizibo. Kilikuwa kizibo kibaya kusogeza, na Fundi akakila, akakila na cha nyuma yake, akafika mstari wa mwisho, akaingia kingi. Hakupiga ubao.

"Hii umeniachia," Fundi akasema.

"Siachii mtu mimi. Cheza."

Asubuhi basi liliondoka viti vyote vikiwa vimejaa. Mama Ajira alisimama barabarani akipunga simu zake zote mbili. Mzee Kunja hakutoka. Alikuwa ndani na chupa yake ya chai nyuma ya mashine, na benchi la nje lilikuwa tupu, maana wa kuondoka walikuwa wameondoka na wa kununa walikuwa wamekwenda kununa. Akanywa chai yote, akaosha kikombe.

Jioni akafungua mlango wa nyumbani. Redio ilikuwa inaongea. Ng'ambo ya ukuta hakukuwa na sauti ya nyundo. Akajaribu kulala mapema, ikashindikana. Akatoka barazani, akaweka ubao, akapanga vizibo, vyake vikitazama juu, vya Fundi vikilala kifudifudi. Akacheza upande wake. Akahamia kiti cha pili, akacheza upande wa Fundi. Akarudi. Polepole, kwa haki, kama mtu anayepima.

Katikati ya mchezo vizibo vyake vilipata mlango wazi. Palikuwa pa kula vitatu kwa mpigo, mchezo uishe. Alipaona. Akatazama kushoto na kulia, akaupita mlango ule kama hajauona, akasogeza kizibo kisicho na maana pembeni kabisa. Kisha akahamia kiti cha pili, akala, akala tena, akamwingiza Fundi kingi.

Akainua mkono, akaupiga ubao mpaka vizibo vikaruka.